Basi Lisipofika, Nani Anadaiwa?

Leo nataka tuzungumze habari ya usafiri wa umma, hasa ule ulio mikononi mwa serikali yenyewe. Swali langu wanalijua vizuri watu wa Kimara, wa Kigamboni na wa visiwa vya Ukerewe: huduma ya serikali inaposimama, nani anadaiwa, na anadaiwa nini?

Kwa daladala swali hili lina jibu. Konda akikatisha ruti, akawashusha watu Manzese wakati ubavu wa gari umeandikwa Mbezi, kuna LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, kuna askari wa usalama barabarani, na kuna faini inayomgusa mwenye gari mfukoni. Abiria akiwa mkali anadai nauli yake palepale, na mara nyingi anaipata, kwa sababu konda anajua abiria wote watamzonga. Ni kudaiana kwa kelele, lakini deni linalipwa. Sasa mchukue abiria yuleyule umweke kwenye kituo cha mwendokasi. Amelipa, geti limefunguka, limejifunga nyuma yake, na basi haliji. Hakuna konda wa kumkamata shati. Kuna mlinzi na kuna mkata tiketi, vijana wawili wa mshahara mdogo ambao nao hawajui basi liko wapi. Nauli imeshaingia kwenye mfumo, na mfumo hauna uso.

Nisieleweke vibaya. Mwendokasi ulipoanza kubeba watu mwezi Mei 2016 lilikuwa jambo kubwa kwa jiji la Dar es Salaam. Kilometa 20.9 za njia yake peke yake, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Nauli ilikuwa shilingi 650. Mtu aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini Posta akajikuta anaweza kunywa chai na watoto wake kabla ya kutoka. Jiji likapewa hata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, la kwanza barani Afrika kuipata. Ndiyo maana kudorora kwake kunauma. Watu hawa walishaonja usafiri wa heshima, hawawezi tena kuambiwa kwamba haiwezekani.

Lakini hesabu haikutimia tangu siku ya kwanza. Awamu hiyo ya kwanza ilipangiwa mabasi 305. Ikaanza na 140, chini ya mtoa huduma wa mpito, wa kushikilia kwa muda hadi apatikane wa kudumu. Mpito ukarefuka mwaka hata mwaka. Mabasi 70 ya nyongeza yalipoletwa yakakwama bandarini kwa mgogoro wa kodi, yakakaa pale muda mrefu huku watu wakibanana vituoni. Tazama waliohusika: bandari ni ya serikali, mamlaka ya kodi ni ya serikali, wakala wa mabasi ni wa serikali, na kampuni ya kuyaendesha mabasi nayo ikaja kuwa ya serikali kwa sehemu kubwa ya hisa. Wote ni wa nyumba moja. Aliyeachwa nje mvuani ni abiria peke yake.

Halafu kuna Jangwani. Karakana na maegesho ya mabasi vilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo kila aliyekulia Dar es Salaam anajua kuwa ni njia ya maji. Mvua kubwa ikinyesha mto unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na huduma inakatika. Mabasi yenyewe yamewahi kukutwa na maji yakiwa yameegeshwa. Sasa upo mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, wenye daraja jipya la mita 390 na mpango wa kuihamisha karakana. Mradi huo nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mkopo ataulipa mwananchi, na kwa hiyo anastahili kuambiwa waziwazi ni nani aliyeidhinisha karakana ijengwe bondeni, kwa ushauri upi wa kitaalamu, na kama kuna aliyepinga akapuuzwa. Bila hilo, kosa la namna hiyo linaweza kujengwa tena kwenye bonde jingine.

Nenda Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ambayo mabasi ni machache. Jukwaa limejaa hadi ukingoni. Basi likitokea, kabla halijasimama sawasawa, vijana wanaanza kuingilia madirishani, mmoja anamkanyaga mwenzake begani. Mlango ukifunguka watu hawaingii kwa miguu yao, wanasombwa. Mama aliyebeba mtoto mgongoni anarudi nyuma, anamhamishia kifuani asije akabanwa, anangoja basi la pili, halafu la tatu. Mzee mwenye mkongojo hajaribu kabisa. Mwanafunzi wa sare anamwuliza kila mtu saa ngapi. Na muda wote huo kituo kiko kimya. Hakuna sauti inayosema kwamba basi lijalo litafika baada ya nusu saa, kwamba mabasi kadhaa yako gereji, kwamba mwenye haraka atoke akapande daladala na nauli yake arudishiwe dirishani.

Ukimya huo unaniumiza kuliko hata uchache wa mabasi. Kununua mabasi kunahitaji mabilioni, na nchi yetu ina mahitaji mengi. Kumwambia mtu ukweli akiwa amesimama jukwaani kunahitaji kipaza sauti na mtu aliyepewa ruhusa ya kusema. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, ambaye akichelewa anakuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine, kuna jambo gani muhimu kwa maisha yake asubuhi ile kuliko kujua basi linakuja au haliji?

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 uvumilivu uliisha. Hasira ya abiria wa njia ya Kimara iligeuka mawe, vioo vya mabasi vikavunjwa. Sisemi kwamba walifanya vyema. Basi lililovunjwa leo halitambeba mtu kesho. Lakini tazama kilichofuata. Waziri Mkuu akaingilia kati, mabasi mapya yaliyoletwa kwa ajili ya njia ya Mbagala yakapelekwa Kimara, na wakuu wa DART na wa UDART, yaani wakala na kampuni, wakaondolewa kwenye nafasi zao. Yaliyoshindikana kwa miaka yakafanyika kwa siku chache. Abiria akajifunza jambo la hatari sana kwa nchi: barua haifiki, simu ya malalamiko haifiki, lakini jiwe linafika.

Na watu wa Mbagala waliokuwa wakiyangoja mabasi hayo? Barabara yao ya zege na vituo vyao vilikuwa tayari, vikakaa bila basi kwa zaidi ya mwaka, wakivitazama kila siku kutoka kwenye daladala walizoning'inia. Kuziba pengo la Kimara kwa mabasi ya Mbagala ni uamuzi ninaouelewa kwa siku ya dharura. Lakini ni uamuzi uliomtoza mtu mwingine asiye na hatia, na mtu huyo hakuulizwa.

Kumwondoa kiongozi kuna mahali pake. Ila mkurugenzi anapoondolewa, anakuwa amemjibu aliyemteua. Abiria bado hajajibiwa. Hajui kama yule bwana aliomba fedha za vipuri akanyimwa, au alipewa akazitumia visivyo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kama alizitumia visivyo, ashitakiwe mbele yetu kwa ushahidi. Kama alinyimwa, basi aliyenyima bado yuko ofisini, na mkurugenzi mpya atakalia kiti kilekile, kwa bajeti ileile, mpaka siku ya mawe mengine.

Tuvuke Kigamboni. Pantoni za pale Magogoni zinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali. Iliyo kubwa kuliko zote, MV Magogoni, ilipelekwa Mombasa mwaka 2023 kwa matengenezo makubwa, na mwaka 2025 ulipoingia ilikuwa haijarudi. Zilizobaki zikaelemewa, moja ikipata hitilafu, watu wanajaa kwenye banda la kusubiria hadi nje. Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016, lakini kwa mtu wa miguu anayefanya biashara ya samaki pale Feri, kuzunguka kwa darajani ni nauli ya ziada na muda ambao samaki hausubiri. Baadaye zikaletwa boti za Azam kusaidia kuvusha watu, na nafuu ikaonekana. Hata hivyo mtu wa Kigamboni alistahili kubandikiwa karatasi moja getini: kivuko kimeondoka tarehe fulani, gharama ya matengenezo ni kiasi fulani, kilicholipwa ni kiasi fulani, kitarudi tarehe fulani. Tarehe ikisogea, iandikwe sababu na jina la aliyeisogeza. Karatasi ya namna hiyo ingemlazimisha mtu fulani wizarani kukumbuka malipo.

Msikilizaji, mpaka hapa nimezungumzia muda na nauli. Lakini uzembe ule unaotuchelewesha Kimara na Kigamboni, ukihamia majini mbali na kamera za jiji, unaua.

Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugorora katika kisiwa cha Ukerewe. Watu wa kisiwa cha Ukara walikuwa wamekwenda kununua na kuuza, wakarudi mchana na MV Nyerere wakiwa na magunia, saruji, mahindi na watoto. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kugati Bwisya, upande wa Ukara, watu wa nchi kavu wakitazama. Walikufa zaidi ya 220. Waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa kupanda.

Na kuna jambo moja la siku ile ambalo silisahau. Ilipoulizwa ndani ya kivuko kulikuwa na watu wangapi, jibu halikupatikana, kwa sababu mkata tiketi alikufa maji na mashine yake ya tiketi ikapotea. Hesabu ya abiria ilikuwa ndani ya chombo kilekile kilichozama. Nchi kavu, Bugorora, hakukuwa na nakala ya kutegemewa. Ndugu wakabaki ufukweni wakihesabu wao wenyewe, huyu katoka, huyu hajatoka, mpaka jeneza la mwisho.

Ukerewe hawakuwa wamenyamaza kabla ya siku hiyo. Mbunge wao wa wakati ule alikwishasimama bungeni kulalamikia hali ya kivuko hicho. Kwa hiyo taarifa ilifika mahali pa juu kabisa ambapo mwananchi anaweza kuifikisha. Baada ya msiba Rais Magufuli alimwondoa mtendaji mkuu wa TEMESA na kuvunja bodi yake, akavunja na bodi ya SUMATRA, mdhibiti wa usafiri wa wakati ule, ikaundwa tume chini ya Jenerali mstaafu George Waitara. Tume nyingine iliwahi kuundwa miaka 22 kabla, chini ya Jaji Robert Kisanga, MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria hilohilo tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Kila msiba una tume yake. Hatuna kawaida ya kuifungua ripoti ya tume ya kwanza, kusoma mapendekezo yake moja baada ya jingine, na kuuliza lipi lilitekelezwa na lipi liliachwa na nani. Tungekuwa na kawaida hiyo, mtu angekwenda Bugorora mapema akakuta chombo cha watu 101 siku ya gulio, akauliza anayehesabu abiria ni nani.

Zanzibar kuna mfano ambao napenda ukumbukwe. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi, ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi mara nyingi. Tume ikachunguza na serikali ikatangaza matokeo: waliokufa na kupotea ni zaidi ya 1,500, idadi iliyo mbali sana na ile iliyotajwa mwanzoni. Kabla mwaka haujatimia, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama. Hapo waziri aliyehusika na miundombinu, Hamad Masoud Hamad, akajiuzulu. Hakuwa nahodha, hakupakia mzigo, hakukagua boti. Alikubali kwamba wizara ikishindwa mara mbili, mwenye wizara hawezi kubaki amekaa. Nchi hii iliwahi kuona jambo la namna hiyo mwaka 1977, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa makosa yaliyofanywa na watu wa chini yake, na hakuna aliyemhesabu mdogo kwa ajili hiyo; miaka minane baadaye alikuwa Rais. Kuondoka mwenyewe kunamheshimu aliyeumia kwa namna ambayo kuondolewa hakufanyi.

Sasa turudi kwenye deni. Ibara ya 8 ya Katiba inasema serikali itawajibika kwa wananchi. Abiria anayetaka kulidai hilo ashike njia gani? Mahakama iko wazi kwa kila mtu, lakini kuishitaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu, na kufungua shauri Mahakama Kuu. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, utaratibu huo unazifikia pia wakala na kampuni za serikali. Hakuna mama wa Kimara atakayekwenda Mahakama Kuu kwa nauli ya basi ambalo halikuja. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji Huduma za Usafiri Ardhini, lililowekwa na sheria kuwasemea abiria, na linafanya kazi yake ya kushauri. Lakini kushauri si kuamuru. Karibu kila taasisi ya umma ina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ambao utakuambia barua yako itajibiwa ndani ya siku ngapi. Mimi nataka uniambie nikingoja kituoni dakika ngapi narudishiwa nauli.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya abiria wa treni ana jibu la swali hilo kwa sheria: treni ikichelewa saa moja anaweza kudai robo ya nauli, ikichelewa saa mbili anadai nusu. Wapo watakaosema wale ni matajiri. Mwingine, na hoja yake ni nzito zaidi, atasema kwamba fidia ya serikali inatoka kwenye kodi zetu wenyewe, kwa hiyo tutakuwa tunajilipa kwa mkono mwingine. Nimeitafakari sana hoja hiyo. Naona inasahau kwamba hasara ipo tayari, na leo inalipwa yote na mtu mmoja, yule kibarua aliyekosa siku yake, kimyakimya, bila kuingia kwenye kitabu chochote. Nauli ikirudishwa, hasara inaandikwa. Ikiandikwa, Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali anaikuta, Kamati ya Bunge inaiuliza, na mkurugenzi anayesema huduma iko vizuri anaonyeshwa shilingi ngapi zimerudishwa kituo kwa kituo, mwezi kwa mwezi.

Na wakati wa kulifanya hili ni sasa, kwa sababu watoa huduma binafsi wameanza kuingia, kule Mbagala kwa mabasi na pale Magogoni kwa boti. Mikataba ya mabasi ya namna hii mahali pengi duniani humlipa mtoa huduma kwa kilometa alizokwenda na kumkata kwa safari alizokosa. Ni utaratibu mzuri, ila pesa ya kukatwa isiishie kati ya wakala na kampuni. Safari iliyokosekana ni ya abiria, na faini yake imfikie abiria kwenye kadi yake. Na mkataba wenyewe uwekwe hadharani, ili mtu akiambiwa basi la mwisho limeshaondoka ajue kama linaruhusiwa kuondoka saa hiyo.

Njia ya Barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto na ile ya Bagamoyo kwenda Tegeta zimefuata baada ya Mbagala. Wewe unayeishi huko, usingoje siku ya uzinduzi. Nenda kwenye mkutano wa mtaa wako, mwandikie mbunge wako, uliza mapema: mabasi yaliyopangwa ni mangapi na yatakayoanza ni mangapi? Maegesho yake yanajengwa wapi, na maji ya mvua hupita wapi pale? Basi likikosekana, nani atapaza sauti kituoni kunieleza, na nauli yangu naichukua dirisha gani? Ukijibiwa, omba jibu kwa maandishi, lenye sahihi na cheo cha aliyejibu.